Kitambaa Kilichopanda Mlima

Kifuniko cha sufuria kilianza kugongagonga kabla hakujapambazuka, taratibu, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi huku akijua wenyeji wamelala. Motoho ulikuwa unatokota, uji wa mtama uliochachuka vizuri. Siku nyingine Makhauhelo angeinuka mara moja kuuepua. Asubuhi ile alikaa tu ukingoni mwa kitanda, blanketi begani, vidole amevificha kwapani, akakiacha kifuniko kigonge.

Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza mezani, katika banda la kunyolea la Ha Rantsoti, akichambua kwa madaraja singa za mbuzi, nywele laini za kufumia nguo. Hapa juu hapatoki kitu kingine cha kuuza. Mahindi hayatutoshi wenyewe, almasi ziko kwenye milima ya watu wengine, na maji tunayatazama tu yakishuka kwenda kwa jirani. Unga, chumvi, mafuta ya taa, vyote hupanda na lori kutoka ng'ambo ya mpaka, na lori hilohilo hushuka na singa. Marobota hupigwa chapa yetu, yakafika Maseru, mji wetu mkuu, yakavuka mpaka, yakapigwa mnada huko pwani, kisha yakapakiwa melini. Makhauhelo hakuwahi kuiona bahari. Lakini alijua kwamba huko kuna watu ambao, wakiiona chapa ya Ha Rantsoti, hulifungua robota kidogo tu pembeni, wakatikisa kichwa kwa kuridhika, wakanunua. Jina lile lilitoka katika vidole vyake.

Jana lori lilileta barua, na ndani ya barua mlikuwa na kitambaa. Ntate Ramaisa, mwenyekiti wa banda, alikigongomea ukutani ili kila mtu akione. Kilikuwa kipande cha ukubwa wa kiganja, chekundu cha kukolea, laini kama shavu la mtoto. Na katikati ya wekundu ule zilitokeza nywele nyeupe, fupi, ngumu, kama mvi zilizokataa kupakwa rangi. Sisi huziita nywele mfu. Mbuzi wa singa hana nywele hizo, ila akipandwa na beberu wa nyama, watoto wao huzitoa, na hakuna kiwanda kinachoweza kuzitia rangi. Walionunua makoti huko mbali waliyakataa, na kipande kimoja kikarudishwa kwa njia ileile ziliyopitia singa: bandarini, mpakani, Maseru, hadi kuupanda mlima wetu.

Wengine walipokitazama waliona aibu. Makhauhelo alipokitazama aliona mbuzi. Alimjua mpaka sikio lake lililochanika.

Habari ya robota lililotoa singa hizo ilikwisha kufika mapema, tangu mwaka jana. Karatasi ya aliyelifunga, iliyokutwa ndani yake, ilikuwa na jina la Monaheng, mchambuzi wa pili, kwa hiyo Monaheng akaondolewa mezani. Hakubisha. Aliuza mbuzi wake, akawaacha mke na watoto watatu, akashuka mjini Maputsoe kushona suruali kiwandani. Sasa wakubwa wa Maseru walitaka jina kwa maandishi. Atakayeandikwa hatagusa tena singa katika banda lolote nchini, na barua ilikuwa ishuke na lori leo hii.

Na si Monaheng aliyezitia singa zile humo.

Makhauhelo akainuka, akaepua uji, akanywa vijiko vitatu, akashindwa. Akajifunga blanketi lake la kijivu kwa pini kubwa, akatoka.

Theluji ilikuwa bado imelala vileleni. Bandani tayari kulikuwa na foleni ya watu na punda, na mikasi ilikuwa ikilia. Mzee Tšokolo, mnyoaji, alikuwa ameshaweka tofali la moto ndani ya gunia chini ya meza, mahali ambapo Makhauhelo huweka miguu. Kila mwezi wa nane alifanya hivyo, miaka yote, wala hakuwahi kulitaja.

"Nkhono, bibi yetu, leo umechelewa," alisema. "Nikadhani umeolewa."

"Na nani? Na wewe? Meno matatu hayo yatatafuna harusi gani?"

Watu wakacheka. Makhauhelo alikaa, akaweka miguu juu ya tofali, na joto lile likamuumiza kuliko baridi, kwa sababu alijua kesho halitakuwapo.

Kwenye foleni, sauti moja ilizidi zote, nayo ilikuwa ya Masefora. Miaka arobaini sauti ile ilikuwa jirani yake, na kila Alhamisi jioni ilikuja kwake kupiga soga. Siku mume wa Makhauhelo alipozikwa, Masefora alikuja na gunia la mtama kichwani, akalala sakafuni kando yake juma zima, akisimulia upuuzi wa kila aina mpaka mjane akacheka kwa mara ya kwanza. Masefora mwenyewe mumewe alikuwa amerudi kutoka migodini na mapafu yaliyojaa vumbi, akamfia mapema.

"Makhauhelo! Vidole vipo?" Masefora alipaza sauti, mkono wake ukipigapiga gunia juu ya punda. "Leo nimekuletea hariri! Beberu wangu mwaka huu kazalisha mapacha mara nne. Muulize Tšokolo kama yeye anaweza."

"Mimi nimezeeka, M'e, mama yetu," Tšokolo akajibu. "Nimemwachia beberu."

Makhauhelo alitabasamu na macho yake yakaenda chini. Nyuma ya banda, mke wa Monaheng, Mapontšo, alikuwa akifagia. Tangu mumewe aondoke alipewa kazi ya ufagio. Kila siku saa nne alimletea Makhauhelo chai yenye maziwa mengi, akampa kwa mikono miwili, akasema, "Pasha vidole, Nkhono." Mwaka mzima.

Ntate Ramaisa akagonga kasha kwa kalamu. Mikasi ikanyamaza.

"Nimeandika," alisema, na uso wake ulionyesha kwamba hakulala. "Wametaka jina, nimeandika jina la Monaheng. Nani ana neno kabla sijafunga bahasha?"

Ufagio wa Mapontšo uliendelea, kwaruu, kwaruu, haukusita hata kidogo.

"Mimi nina neno," alisema Makhauhelo.

Aliweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Mwaka juzi, mwezi kama huu, Monaheng alizishika singa fulani, akaniambia, 'Nkhono, hizi zina nywele mfu, ziende sanduku la mwisho, la daraja la chini.' Nikamwambia aniachie mimi. Akaenda kusaidia kushindilia robota. Alipogeuka, nikazitia sanduku la kwanza. Kwa mikono yangu hii."

Ufagio ukasimama.

Ramaisa aliweka kalamu chini. Alikuwa mtu mwema, akamtafutia mlango wa kutokea. "Nkhono, macho nayo yana umri wake. Ninaweza kuandika kwamba mwanga ulikuwa hafifu."

"Usiandike hivyo. Hizo hazitaki macho. Nilizihisi. Nilijua."

"Zilikuwa singa za nani?"

Hili ndilo lililomkosesha Makhauhelo usingizi kuliko la jina lake mwenyewe. Lakini hakuhitaji kulijibu, kwa sababu jicho lake lilikwisha kwenda pale kwenye foleni, na macho ya watu wote yakalifuata.

"Zangu?" aliuliza Masefora.

"Mjukuu wako alikuwa anaingia sekondari," alisema Makhauhelo. "Ulikuwa umeniambia hana viatu."

Masefora alikaza kamba ya gunia lake. Akamgeuza punda polepole, maana njia ilikuwa nyembamba na watu walilazimika kumpisha mmoja mmoja, akaondoka na hariri yake.

Ramaisa akaichana barua, akaandika nyingine. Makhauhelo alitia jina lake chini kwa herufi alizofundishwa na masista, mojamoja, hakuruka hata moja. Alipomaliza, Tšokolo alikuwa amevua kofia yake na kuishika kifuani.

Mapontšo akaja mezani, ufagio mkononi.

"Nkhono, nimekuchemshia chai kila siku."

"Najua, mwanangu."

"Leo sitachemsha."

"Ni haki yako."

Mapontšo akafagia chini ya meza, kisha akasema, macho yakiwa sakafuni, "Kule kiwandani Monaheng huwa anatoka kula saa saba. Ukitaka kumpigia, piga saa saba."

Mtandao haupatikani kijijini ila juu ya mwamba mmoja, nyuma ya zizi la mwenyekiti. Ramaisa alimpa simu yake, akampandisha kwa kumshika kiwiko, kisha akashuka na kusimama mbali ili asisikie.

"Nkhono?" Sauti ya Monaheng ilikuja na kelele nyuma yake, wanawake wakiuza maandazi ya makoenya langoni mwa kiwanda, honi za magari. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Mke na watoto wazima. Nimesema bandani, Monaheng. Nimesema ni mimi."

Mwanamke mmoja huko Maputsoe alikuwa akimwambia mtu kwamba achari imekwisha.

"Nilikuona," alisema Monaheng.

"Umesemaje?"

"Siku ile nilirudi kuchukua kamba. Nilikuwa mlangoni. Nilikuona ukizitia."

Makhauhelo alikaa juu ya mwamba. "Na ukaweka karatasi yenye jina lako?"

"Robota lilikuwa langu. Ningeweka jina la nani?" Alikuwa anatafuna, au anajifanya anatafuna. "Na hata walipouliza, ningesema nini, Nkhono? Kwamba aliyenifundisha kuzisoma singa nikiwa nimefumba macho ametudanganya? Watu wangenipiga mawe, na mimi mwenyewe ningewasaidia kuyaokota."

"Nilidhani namtendea wema Masefora."

"Na mimi nilidhani nakutendea wema wewe. Tazama tulipofika."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa nafuu kama angesema kwa ukali.

"Rudi, basi," Makhauhelo alisema. "Meza iko wazi. Wameniondoa. Jina lako ni safi."

"Nirudi kuchambua singa za watu, na mimi zizi langu tupu? Wale mbuzi niliwalea tangu enzi za baba yangu. Walikwenda kwa siku moja." Akavuta pumzi. "Huku nako si kwema. Suruali zetu zinakwenda Amerika, na Amerika wamepunguza. Juma hili tumefanya kazi siku tatu. Lakini nina mkataba mpaka Krismasi. Nitafikiri, Nkhono. Sikuahidi."

"Sawa."

"Vidole vikoje?"

Swali hilo ndilo lililomtoa machozi. "Viwili havisikii tena."

"Vipake mafuta ya kondoo, uvifunge usiku. Siyo vaselini. Mafuta ya kondoo." Kengele ililia huko kwake. "Naingia. Msalimie Mapontšo. Mwambie asikununie sana, si tabia yake, ataugua."

Alishuka mwamba, akamrudishia Ramaisa simu, akaenda nyumbani kwa njia ya nyuma. Mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja, mwezi wa nane ulimkuta mchana ameketi kwake, hana la kushika. Aliketi nje, mgongo ukutani penye jua. Lori lilipita bondeni likishuka, limejaa marobota, turubai likipepea. Alilitazama mpaka likaingia kwenye mkunjo wa mlima. Humo mlikuwa na jina lake, limeandikwa vizuri.

Jua lilipokuwa linaegemea magharibi, Masefora akaja. Alikuja kwa miguu, bila punda, bila kelele, na alipofika hakukaa kwenye kigoda alichosogezewa.

"Nimekuja kuuliza jambo moja, kisha niende. Mbuzi wangu wabovu wangapi?"

"Masefora, kaa kwanza."

"Wangapi?"

Makhauhelo akamjibu. "Wote waliozaliwa na yule beberu uliyepewa na mkweo. Na watoto wa hao."

Midomo ya Masefora ikahesabu kimyakimya. "Ninao ishirini na sita. Wanabaki watano."

"Wale watano ni safi. Wale wa zamani."

"Wale wa zamani hawana meno!" Sauti yake ilianza kurudi. "Mwaka jana uliniambia singa zangu zimeshuka daraja kwa sababu watu wa pwani wamekuwa wagumu. Mimi nikaamini. Nikasema, basi niwalishe vizuri zaidi. Theluji ilipoanguka niliwafunika kwa blanketi la marehemu, Makhauhelo. Blanketi la harusi yangu. Nimefunika nyama!"

"Nilikuonea huruma."

"Huruma wanaonewa mbwa. Mimi ni rafiki yako." Aliupiga ukuta kwa kiganja, karibu na kichwa cha mwenzake. "Siku ile ungeniita pembeni ukaniambia, 'Masefora, beberu wako ni kitoweo, mtie kisu,' unajua ningefanya nini? Ningekutukana mpaka jua lichwe. Ningenuna wiki nzima. Halafu ningemchinja. Tungemla pamoja, mimi na wewe na Monaheng, na tungelamba vidole!"

Makhauhelo alicheka. Hakutaka kucheka, kicheko kilimtoka kikiwa kimeshikana na kilio, akashindwa kuvitenganisha. Masefora naye mdomo ulimcheza, lakini akaubana.

"Usinichekeshe. Nimekasirika."

"Najua."

"Hujui. Leo nilisimama kwenye ile foleni kama wenzangu, na gunia langu. Sikuomba kitu kwa mtu. Ulipomaliza kusema, nilikuwa ombaomba, tena ombaomba wa miaka miwili asiyejijua. Watu wote wananitazama miguuni, kama mimi ndiye niliyevaa vile viatu."

"Nisamehe."

"Na hivyo viatu vyenyewe mtoto alivivaa muhula mmoja. Miguu ikakua."

Kwa mbali mtu aliwaita mbuzi wake kwa mluzi. Makhauhelo alifikiri juu ya koti lile jekundu, na mwanamke asiyemjua aliyelirudisha dukani, na fundi aliyelipima, na mfanyabiashara aliyeandika barua. Msururu mrefu wa watu waliosumbuka. Na neno moja tu kwenye sikio la jirani, lililokuwa gumu kulisema, lingewaepusha wote. Alikuwa mwepesi wa kutoa, maisha yake yote. Hakuna aliyemwambia kwamba kusema nako ni kutoa.

"Nije kesho nikusaidie kuwatenga," alisema. "Vidole vinane bado vinasikia."

"Hapana." Masefora alifunga blanketi lake upya. "Nimeshamwomba Mapontšo. Monaheng alimfundisha, kumbe ulikuwa hujui? Anafagia pale bandani huku anazijua singa kuliko Ramaisa. Nimemwambia aombe ile meza. Asipoiomba, nitamwombea mimi."

"Ataiweza."

"Ataiweza, ndiyo. Na yeye atatuambia ukweli hata tukilia."

Aligeuka, akaanza kushuka, hatua fupifupi za mtu mwenye magoti mabovu kwenye mteremko. Kila mara walipoagana, kwa miaka arobaini, Masefora alikuwa akigeuka penye ile kona ya mawe na kutupa neno la mwisho, tusi au mzaha. Sasa aliifikia kona, wala hakugeuka.

Makhauhelo alisimama, ameshika ukuta.

"Masefora!"

Yule akasimama, bado amempa mgongo.

"Alhamisi utakuja? Njoo hata kunigombeza tu. Hujamaliza kunigombeza. Njoo umalizie."